Neno la Kike

Kwa Kilatini, alisema Nofri, uhuru ni neno la kike.
Alilisema jikoni, kalamu ya unyoya ingali sikioni,
theluji ya Castelmora ikimyeyukia viatuni,
na barua kwa Mtawala wa kaskazini i kifuani, bado haijatiwa lakiri.

Siku kumi na moja ameichonga barua ile.
Amewafukua Warumi vitabuni,
akawapangusa vumbi, akawaketisha mezani,
akawauliza: mji hufa vipi?
Wakamjibu: huanza kwa watu kunyamaza
kwa sababu wameshiba.
Hilo akaliandika. Kisha akafuta "wameshiba".
Madiwani sita kati ya tisa wana vitambi.

Piera hakuinua macho. Alikuwa akichambua dengu.
"Kama ni mwanamke, anakaa mtaa gani?
Maana barazani sijasikia akiitwa."

(Nami ninayesimulia, lugha yangu
imeuweka uhuru katika ngeli moja na ukuta,
na ugali, na uongo.
Sina la kumcheka mtu.)

Nofri alicheka. Kicheko kikamkwama.
Aliukumbuka mfuko wa ngozi, ule wa kura,
majina yakigongana ndani kama karanga:
mwuza hariri, mwenye benki,
na bwana yule aliyefilisika zamani
ila babu yake alijenga mnara.
La Cenni mtia rangi halimo,
Cenni mwenye mikono ya samawati hadi viwikoni,
ambaye mwaka jana, mizinga ilipopandishwa kilimani,
alikesha juu ya ukuta usiku kumi na tatu
akiilinda jamhuri
isiyojua kulitamka jina lake.

Mtu mwema, walisema Warumi,
hajifungii na vitabu nyumba ya jirani ikiungua.
Hawakusema afanye nini
ikiwa nyumba ni yake, na moto ni wake pia.

Mjumbe ameshatandika farasi.
Nofri akaukunjua waraka chini ya mshumaa,
na pembeni, palipobaki weupe wa kidole kimoja,
akaandika: Cenni.
Akalitazama mpaka wino ukakauka.
Kisha akachukua kisu, akakata pambizo,
taratibu, kama mtu anayemenya tufaha,
na utepe ule wa ngozi ukaangukia siniani.

Piera hajui kusoma.
Aliuokota katikati ya dengu na vijiwe,
akauinua kwenye mwanga.
"Na hii," aliuliza, "ni ya kutupa,
au ya kupika?"