Pasi

Baba alikuwa na pasi ya mkaa,
jogoo wa chuma juu ya komeo lake.
Keko, nyuma ya gereji ya Mtoro:
meza moja, blanketi la kijivu lenye makovu ya moto,
na mashati ya makarani wa bandari.
Maji aliyapuliza kwa mdomo, pfuu,
chuma kikapita, mvuke ukapanda.

Mchana hapakuwa na sufuria jikoni.
"Leo pasi ndefu," mama alisema,
kutoka chai ya saa moja mpaka ugali wa usiku.
Kondo, kaka yangu, akacheka:
pasi ndefu nazijua mimi,
akatokomea kiwanjani
ambako hakuna aliyemwita kwa jina.
Pasi! Toa pasi! We mchoyo, pasi!

Ticha Mbonea alituambia neno hili ni la Waingereza.
Akaanza kupanga maana zake ubaoni:
njia katikati ya milima,
kumpa mwenzio chumvi mezani,
siku kwenda zake,
mtihani,
chaki ikakatika.
Kondo akanyoosha mkono: "Na ile ya baba?"
Darasa zima likacheka. Ticha hakucheka.
Alisema ataulizia.
Mpaka tunamaliza shule alikuwa bado anaulizia.

Matokeo yalipobandikwa, Keko yote ikauliza: Kapasi?
Baba alijibu bila kuinua macho kwenye kola,
"Nyumba hii anayepiga pasi ni mimi."

Basi Kondo akatafuta pasi nyingine,
ile yenye ngao ya taifa.
Mara saba alikwenda Kurasini, Uhamiaji,
mara saba akakosa karatasi moja.
Siku ya safari baba alimnyooshea shati jeupe,
mikunjo miwili mgongoni, mikali kama wembe.
Hakumwambia kitu.
Alimkabidhi likiwa bado la moto.

Miaka tisa kwenye ghala la mboga, Uingereza.

Kisha Jumanne moja, simu.
Mwanamke, Kiingereza cha polepole.
Niliweka spika ili wote wasikie,
na katika maneno yote mama alidaka moja.
Kondo, alisema yule mwanamke, kapasi,
alfajiri, usingizini.

Mama akapiga kigelegele.
Kirefu. Uani wakaitikia,
mke wa Mtoro akatoka na mwiko mkononi,
"Kapasi nini? Kapasi nini?"
nami nimesimama na simu
natafuta Kiswahili cha kukata kigelegele.

Pasi yake ilirudi kabla yake,
kona imekatwa kwa mkasi.
Kwenye picha, shati lile.

Siku hizi mimi ndiye mwalimu.
Watoto wakiuliza maana nawaambia fungueni kamusi.
Watakutana na chuma, na mpira, na safari.
Chini yake watakuta na ile yetu, isiyoletwa na meli:
pasi na shaka,
pasi na sababu,
kitanda pasi na mtu.
Hiyo sijawahi kuiandika ubaoni.

Baba bado anatia mkaa.
Nilimnunulia ya umeme; anasema haina jogoo.
Jana aliletewa shati la mteja asiyemjua,
saizi ile ile.
Akalinyoosha, akalikunja,
akalikunjua,
akapuliza maji, akaanza upya.