Bibo na Korosho Yake

Aliomba daktari wa kiume.
Wa kiume yuko Nanyamba kwenye semina.
Nikamwambia: nipo mimi, na pazia lipo,
na leo hata maji ya kunawa yapo,
bahati ambayo Newala haitupi kila wiki.

Dunstani Nampinga, miaka thelathini na minne,
mpuliza salfa wa kukodiwa, shamba kwa shamba.
Alikalia ncha ya kiti
kama mtu aliyekaa kwa mdai wake.
"Ni salfa, dokta. Imeniingia huko."
Huko.
Neno lenye komeo kwa ndani.

Basi pazia, basi tochi,
nikaona: vipele vidogo, laini, vyeupe kidogo,
safu mbili zimekizunguka kichwa cha uume
kama punje za uwele alizozipanga mtu mwenye subira.
Havina usaha. Haviwashi. Haviambukizi.
Wanaume wengi wanavyo,
na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Lakini kando yake palikuwa na kidonda, kibichi.
Nikauliza. Akatazama dari.
Alikuwa amedondoshea mafuta ya ganda la korosho,
yale meusi yanayobabua vidole vya wabanguaji,
avichome vitoke
kabla mkewe hajarudi kutoka Kitangari.
Ugonjwa pekee niliouona siku ile
ni ule aliojitengenezea.

Nikasafisha taratibu. Mtu akiumia husikiliza.
"Komba unamjua?"
"Huyu anayelia usiku mikoroshoni?"
"Huyo. Dume lake lina vijiba vigumu papo hapo.
Paka dume anavyo. Sokwe anavyo, vifupi.
Sisi vilitutoka,
zamani kuliko jina la ukoo wowote:
kuna mstari katika chembe za urithi
ambao sokwe bado anausoma,
kwetu umefutika.
Wapo wataalamu wanaodhani vipele vyako
ni kivuli cha vijiba vile. Wapo wanaokataa.
Mimi sikuwepo."
Akacheka, kisha akakunja uso: dawa ilikuwa imefika.

Kicheko kikamfungua.
"Na hili la kushoto, mbona limeshuka kuliko mwenzake?"
Nikamwonyesha dirisha. Oktoba, mabibo mekundu,
kila moja na korosho yake inaning'inia nje.
"Embe limeficha kokwa ndani ya nyama.
Mkorosho umeitoa mbegu nje. Nani kaushtaki?
Mbegu zako nazo haziyapendi joto la tumbo,
na moja ikitangulia chini, pengine hazisongani ukitembea."
Nikanyamaza, kisha nikaona nimalize ukweli:
"Ila tembo wa Liwale kazificha tumboni
na anazaa vizuri tu. Jibu langu nalo lina tundu."

Kwenye kadi niliandika: hali ya kawaida.
Akasoma mara mbili, kidole chini ya herufi.
"Bodaboda elfu nane, dokta, kwa maneno matatu?"
Nikachukua kalamu nikaongeza: asipake kitu.

Jumanne iliyofuata akaja Skola, mkewe.
Nilijiandaa kuulizwa habari za mume; nilijua namna ya kukwepa.
Hakuuliza.
Alikalia ncha ya kiti kile kile.
"Mashavu yangu," akasema, akitazama viatu,
"moja limemzidi mwenzake. Nadhani uzazi uliniharibu."

Miaka kumi na mmoja nimevuta pazia hili.
Nimeona marefu, mafupi, yaliyokunjamana, yenye weusi,
yenye madoa ya njano kama chenga za unga,
na sijaona mawili yaliyofanana,
wala shavu la kulia lililokuwa pacha wa kushoto.
Ng'ambo ya barabara, ghalani, wanapanga korosho:
daraja la kwanza, la pili, na zile za kutupwa.
Nasikia sauti ya karani humu ndani anapoita madaraja,
na wagonjwa wangu wanaisikia pia.

"Skola," nikasema, "lala hapo, tutazame pamoja,"
nikaenda kunawa.
Bomba likakohoa mara mbili,
halikutoa kitu.