Bomba la Shaba, Katuba

Bomba hili, mita tatu na kidogo,
baba alilitoa kiwandani mwaka ule mishahara ilipokwama.
Alilizungusha kiunoni chini ya koti la mvua,
akapita getini kwa hatua za mtu mwenye mgongo mbovu.
Askari akamwambia, "Pole, mzee Mwepu."
Baba akajibu, "Nimeshapoa."

Mama hakuuliza.
Alikuwa na pipa lililowahi kubeba mafuta ya mashine:
akalichoma ndani, akalisugua kwa majivu na mchanga,
akalinusa siku tatu kabla ya kuliamini.

Mahindi kwanza. Yalowekwe, yafunikwe gunia,
yaote vimkia vyeupe, yaanikwe, yasagwe.
Halafu unga wa muhogo, na maji ya kisima cha mama Kisimba,
si ya bomba la mjini; yale, alisema, yana dawa,
na dawa inaua kazi.
Siku ya kwanza pipa linanyamaza.
Ya pili linanong'ona.
Ya nne linabishana peke yake, linatema povu,
na chumba kizima kinanuka mkate na jasho.
Tulilala humo, watoto watano.
Shuleni mwalimu hakuhitaji kuita majina yetu.

Ya saba linachoka.
"Limesema yote," anasema mama. "Leta makala."

Moto mdogo. "Hapana kukimbiza moto!"
Ukiukimbiza, uji unapanda bombani, unapata tope.
Kifuniko anakiziba kwa udongo wa kichuguu,
bomba linapita kwenye karai la maji baridi
(kuyabadilisha ilikuwa kazi yangu, na vidole vyangu vinaikumbuka),
na mvuke, uliokwisha kujiona huru,
unakutana na baridi,
unakumbuka kwamba ulikuwa maji.

Kikombe cha kwanza si cha mtu.
"Hiki kichwa. Kichwa kina wazimu. Mwaga."
Nilimwaga nyuma ya choo, na nyasi za pale hazikurudi.
Jirani wa barabara ya pili hakumwaga; aliona hasara.
Chola, fundi wa baiskeli, alinunua kwake Jumamosi.
Jumatatu akauliza mbona hatuwashi taa.
Ilikuwa saa sita mchana.

Baada ya kichwa, moyo.
Mama anakinga kijiko, anawasha kiberiti:
mwali wa buluu, mtulivu, karibu usionekane.
Ukianza kusitasita, mkia umefika,
una harufu ya mbwa aliyenyeshewa;
huo unarudi pipani kungoja wiki ijayo.

Wengi waliinywa hivyo hivyo, kavu, wakikunja uso.
Lakini chini ya kitanda kulikuwa na chupa nyingine:
tangawizi iliyopondwa, kwa nyumba zenye matanga;
maganda ya chungwa yaliyokauka juu ya bati,
kwa mwalimu yule yule, aliyetuma mtoto usiku.
Na moja ya masuku ya mvua za kwanza,
yaliyoiva hadi kupasuka. Hiyo haikuuzwa.
Baba alionja kijiko jioni,
akitazama bomba la moshi lisilotoa moshi,
akasema, "Naona njia ya Kasenga."

Leo mnunuzi wa vyuma yuko mlangoni na mizani yake ya ndoano.
Shaba imepanda, anasema.
Anakwangua kwa ukucha. "Kilo moja kasoro.
Na ndani kuna kutu ya kijani."
Naweka mdomo kwenye ncha moja, napuliza.
Upande wake inatoka harufu:
mkate, chungwa, moto uliozimwa zamani,
na kwa mbali sana, masuku.
Anarudi nyuma hatua moja.
"Hili lilikuwa la kazi gani?"

"Lilisomesha watoto watano," namwambia,
"na halikumpofusha mtu."

Anakunja mizani.
Anauliza kama nina sufuria kuukuu.