Pua ya Saba

Mashine yetu ina pua kumi na mbili,
na ya saba ina mafua.
Ndivyo nilivyoandika kitabuni, zamu ya usiku,
kiwanda cha dawa ya kikohozi, Rustavi,
theluji ikikwaruza madirisha ya upande wa mto:
Pua ya saba inavuja kamasi.
Asubuhi Anzor akacheka, akapiga mstari mwekundu,
akaandika chini: Lamara, andika kiufundi.

Haya, kiufundi.
Dawa hutoka tangini nzito kama shira,
hupita chujio, hupita mita,
hufika kwenye vali isiyozidi kidole gumba,
na vali hufumbua, hufumba.
Mililita mia, chupa. Mililita mia, chupa.
Kufungua si kazi. Hata mtoto hufungua bilula.
Kazi ni kufunga:
kuukata uzi wa dawa hewani
bila kuacha mkia,
na lile tone la mwisho, lililokwisha kuchungulia,
kulirudisha ndani
kama mtu avutaye pumzi
badala ya kusema alichotaka kusema.

La pua ya saba halirudi.
Linaning'inia, linanenepa, linafikiri,
kisha ndo,
juu ya shingo ya chupa, si ndani,
kifuniko kinanata, lebo inateleza,
na chupa inatupwa kapuni
kwa sababu ya tone ambalo si la mtu.

Husemwa chururu si ndo ndo ndo,
eti tone si kitu mbele ya mchirizi.
Aliyesema hivyo hakusimama hapa saa tisa za usiku
na tochi mdomoni, akihesabu.
Ndo, sekunde nne. Ndo, sekunde nne.
Kwa zamu moja, chupa tatu na ushei
za watoto wasiojulikana.

Gela, aliyekuwa mume wangu, hakuujua ukingo wa glasi.
Kwenye meza ya baba yake kujaza mvinyo ni heshima,
na kufurisha ni heshima zaidi,
kitambaa kikanywa kilichosalia.
Niliutazama mkono wake kama ninavyotazama pampu:
unajua kutoa, haujui kukoma.
Maji yakimwagika hayazoleki, na mvinyo vivyo hivyo,
na maneno. Lakini hiyo ni zamu nyingine.

Februari, wodi ya nne, mama.
Mfuko, mrija, kigurudumu cha plastiki cha kubania.
Muuguzi alisema: matone ishirini kwa dakika,
yakienda mbio, niite.
Sikumwita. Nilibana mwenyewe, kwa kidole hiki,
ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini.
Mama akafumbua jicho moja:
"Hata hapa uko kazini?"
Nikamwambia nyamaza, unanipotezea hesabu.
Hayo ndiyo niliyomwambia.

Usiku huu nimefunga tangi,
nimeshusha presha hadi mshale wa geji ukalala sifuri,
nimeifungua pua ya saba juu ya kitambaa cheupe.
Springi nzima. Sindano nzima. Kiti chake hakina mkwaruzo.
Ila pete ya mpira, ndogo kuliko ya kidole cha mtoto,
imevimba.
Ni ile sabuni mpya ya kuoshea mabomba,
ile ya bei nafuu aliyoisifia Anzor.
Pete iliyovimba haiiachi sindano irudi nyuma.
Inataka, haiwezi.

Nimeweka mpya. Nimepaka mafuta, nimekaza, si sana.
Vali kuu nimeifungua kwa robo, kisha robo,
maana bomba likishtuliwa hugonga
kama polisi mlangoni.
Chupa ya kwanza. Nimeinama.
Uzi umekatika. Tone limechungulia,
limetetemeka,
limerudi.

Kitabuni nimeandika kiufundi:
Vali namba saba, pete imebadilishwa, sabuni ichunguzwe.
Saa kumi na dakika tano.
Nilitaka kuongeza jambo. Kalamu ilikwisha gusa karatasi.
Imebaki nukta ya wino, pembeni,
nene kidogo.
Anzor atauliza ni ya nini.