Mkaguzi Anapanda Saa Nne

Tulianza kukwangua kabla ya alfajiri.
Serahangi Mbelwa alitugawia misasa na nyundo ndogo,
kila mtu na futi zake sita za kutu,
akasema neno moja tu, nalo si la kuandikwa hapa.
Juu ya kilima Tanga ilikuwa bado imelala.
Gatini harufu ileile: vumbi la saruji,
mkonge uliolowa, dizeli.

Meli yetu ina miaka thelathini na mmoja.
Jina lake la kwanza lingali ubavuni,
herufi za kulehemu, lugha nisiyoijua.
Nimelipaka mara tatu. Mara tatu limerudi
jua likianza kulalia upande.
"Kutu ina adabu kuliko nyie," alisema Mbelwa.
"Haikosi kazini."

Maboya kumi na mawili: nilihesabu kumi.
Moja alikuwa amelikalia mpishi, Sheluhwaza, akimenya viazi.
Jingine liko Wete, nyumbani kwa mtu,
watoto wanajifunzia kuogelea.
Jaketi saba hazikuwa na filimbi.
Nikapandisha mbio hadi soko la Mgandini,
nikanunua filimbi saba za refa.
"Mna ligi?" aliuliza muuzaji.
Nikamwambia tunayo. Akaniongezea ya nane.

Kisha daftari.
Bwana Mnkande, ofisa wa pili, alikuwa akijaza
mazoezi ya moto ya miezi minane
kwa kalamu tatu: bluu, nyeusi, bluu iliyofifia,
ili siku zionekane siku.
"Tarehe kumi na nne Machi ulikuwa wapi?"
"Bombo, hospitali. Mama alikuwa kalazwa."
"Hapana. Ulikuwa sitahani, umeshika mpira wa maji.
Uliuzima kwa dakika nne."
Nikatia saini.
Mkono uliokuwa ukimnywesha mama uji
ukazima moto ambao haukuwaka.

Saa tatu na nusu Mbelwa aliniita kwenye mashua okozi.
Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa.
Pini ya ndoano ilikuwa haitoki.
Nikakwangua: nyeupe. Chini ya nyeupe, nyeupe.
Chini yake ya chungwa, ya kuzuia kutu,
chini yake nyeupe ya mabaharia nisiowajua,
kila ukaguzi na koti lake,
mpaka pini na ndoano vikawa chuma kimoja.
Na koti la juu lilikuwa langu.
Naijua brashi yangu: ilikuwa imeacha unywele mmoja
umelala humo, umekauka.

Tuliigonga. Tuliipasha moto. Tuliimiminia mafuta ya breki
na bismillahi ya Sheluhwaza.
Mnkande akaja na kopo.
"Ipakeni. Ikae mbichi.
Mtu hagusi rangi mbichi, atachafua sare."
Ni kweli. Nimeona ikifanya kazi.

Mbelwa alilipokea kopo, akalifunika vizuri,
akaligonga kifuniko kwa kisigino,
akalikalia.
"Kiuno," alisema. "Sinyanyuki."

Saa nne na dakika tatu ngazi ilitikisika.
Viatu vizito kwanza, halafu tochi,
halafu mama mmoja mfupi aliyekuwa akihema.
Hakuuliza vyeti. Hakuhesabu maboya.
Alitazama magamba ya rangi miguuni petu,
rangi sita au saba,
akachuchumaa, akaokota gamba moja, akaligeuza.
"Hii alipaka nani?"

Mfukoni nilikuwa nimeikamata ile filimbi ya nane
hadi kiganja kikauma.
"Mimi," nilisema. "Ya juu. Nyingine sizijui."

Hatukuondoka. Saruji ilibaki tumboni mwa meli,
mwenye mali akapiga simu mpaka sauti ikamkauka,
na Mnkande hakunisemesha siku mbili.

Pini ilitoka usiku wa tatu, saa saba na robo.
Iliruka, ikaanguka sitahani, ikalia
kwa mlio ambao meli nzima haikuwahi kuusikia.
Sheluhwaza akakurupuka usingizini,
akavaa jaketi juu ya msuli,
akatoka nje akipuliza filimbi kwa nguvu zake zote,
na sisi, bila kuambiwa, tukajipanga.

Mnkande alitazama saa yake.
Akaandika, kwa kalamu iliyokuwa karibu.