Tangazo la Ghorofa ya Pili

Mimi ndiye mbandika matangazo:
pini nne, ubao mmoja, na mlango
unaoingiza upepo wa Ziwa Erie pamoja na kila mtu.

Wiki hii niliandika: Ijumaa,
mwenye hati ya kukamatwa kwa faini ndogo
aje mwenyewe. Hatakamatwa.
Hakimu Pruitt alisoma, akasema, weka neno moja zaidi.
Nikaweka: Kweli.

Kabla hapajapambazuka foleni ilishafika kituo cha basi.
Orlene Stubbs, miaka sabini na mmoja,
kavaa koti la kanisani,
mfukoni kafutika mswaki
na vidonge vya presha vya siku tatu.
“Sikuwaamini,” akasema. “Nimebeba vya jela.”

Kosa lake: majani ya uani kupita kimo,
kiangazi kile mumewe alipolazwa
na mashine ya kukatia ikashika kutu.
Miaka tisa
akiona gari la polisi anakunja kona isiyo yake.

Dirisha la nne. Dakika sita.
Dola ishirini, kwa awamu. Muhuri: ko!
Akabaki pale pale,
kama mtu aliyesukuma kwa bega
mlango uliokuwa wazi.

Kwenye benchi, vijana wawili wa ndoa ya saa sita;
shahidi wao kakwama thelujini.
“Mama, unaweza kututilia sahihi?”
Akautazama wino wake wa kwanza, haujakauka.
“Leteni. Leo mkono umeshazoea.”

Jioni nimebandua tangazo.
Mswaki uko kwenye droo ya vilivyosahauliwa.
Sidhani ataufuata.