Nusu Saa ya Jumanne

Kila Jumanne, kabla ya kahawa,
Ragnfrid alimeza kidonge kwa bilauri nzima ya maji
akasimama dirishani nusu saa, wima kama mlingoti wa bendera,
maana karatasi ya dawa ilikataza kulala, ikakataza hata kuinama.
Miaka tisa. Theluji ikija, ikiondoka,
gari la kuisukuma likipita na taa yake ya manjano,
naye akihesabu dakika, njaa ikimng'ata.

Nyonga ikahimili. Kwenye barafu ya Bodø
alianguka mara mbili, akainuka akicheka,
akakung'uta koti.

Kisha likang'olewa gego moja tu.
Shimo likakataa kufumba.
Wiki ya sita ulimi, mdaku asiyelala,
ukagusa kitu kikavu, kikali, si jino,
ukarudi na habari:
huku nyuma pana mfupa uko uchi.

"Umekimeza kwa miaka mingapi?"
Daktari wa meno alishusha barakoa
kabla hajajibiwa.

Kinywa ni jumba la maneno, walisema wahenga.
Hawakusema nguzo zake zikioza
maneno yahamie wapi.

Sasa mkate mkavu wa shayiri anauloweka katika maziwa
mpaka ulegee kama uji wa mtoto.
Kidonge kimesitishwa.
Lakini Jumanne, saa moja asubuhi,
bado husimama dirishani
juu ya nyonga zake nzima,
kiganja kimeshika taya
kama mtu anayezuia mlango usifunguke.